Sauti ya Tatu Kutoka Narung'ombe

Hebu niambie, wewe unayenisikiliza: kijana akija kuposa kwako, ukamuuliza kazi yake, akakujibu kuimba, ungemkaribisha ndani au ungemwonyesha njia?

Mzee Kornel wa Chunyu hakufanya hili wala lile. Aliweka chini bakuli la uji, akajifuta ndevu kwa kiganja, akauliza tena.

"Nimeuliza kazi, kijana."

"Ndiyo, mzee. Naimba."

"Kuimba sote tunaimba. Mimi hapa nikipalilia naimba. Nakuuliza unafanya nini."

Nyuma ya ua wa mabua ya mtama, Teodosia alikuwa ameusimamisha mchi hewani. Mwanamume anayehojiwa pale barazani ndiye aliyemtaka yeye. Shoga yake Hajira, binti wa jirani, alimfinya kiunoni.

"Twanga, wewe. Ukinyamaza watajua tunasikiliza."

Teodosia akatwanga polepole, sikio likiwa barazani.

Ulikuwa mwaka wa hamsini na tatu. Yule kijana aliitwa Saturnini, mtoto wa wakulima wa Narung'ombe, aliyesomea misheni upande wa Nachingwea. Huko Padre Fransisko alimsikia siku moja anaimba akifua nguo, akamwacha amalize kufua, kisha akamwita kwenye piano. Tangu hapo hakumwachia.

"Mimi ni sauti ya tatu, mzee," alisema Saturnini, "ile ya juu ya wanaume. Padre anapiga piano, mimi naimba. Mashairi ya Kijerumani, na mengine mapya kabisa, anayatunga mwenyewe."

"Ni ya misa?"

"Hapana."

"Ya ngoma?"

"Hapana, hayachezwi."

"Sasa watu wanafanya nini?"

"Wanakaa kwenye viti, wanasikiliza."

"Wote? Hakuna anayeitikia?"

"Wanapiga makofi mwishoni."

Mzee Kornel alimgeukia dada yake Lusiana, mama yake Teodosia, kama mtu aliyeletewa habari za msiba.

"Maskini. Watu wakuache peke yako namna hiyo, umewakosea nini?"

Usimcheke. Kwetu Wamwera mtu akitoa wimbo, ngomani au shambani, wenzake humpokea. Asipopokewa, amefukuzwa, ni kama kuambiwa hapa huna ndugu. Na mgeni msiyemjua hamumwitikii mpaka aseme ametoka kwa nani.

Basi mjomba, ambaye ndiye mwenye neno juu ya binti wa dada yake, akatoa neno. Mume huja kukaa kwao mke, na huanza kwa jembe.

"Utalima shamba la mama yake mpaka mtama uingie ghalani. Ukiondoka kabla, basi hukuja."

"Nitalima, mzee."

Teodosia hakuulizwa. Hakuna aliyekusudia kumdharau. Mambo yalikwenda hivyo tu.

Saturnini akalima. Viganja vilimtoka malengelenge, yakapasuka, yakawa sugu. Lakini kila asubuhi, kabla ya kushika jembe, alisimama pembeni ya shamba ameweka mkono tumboni, akapandisha sauti na kuishusha: aaa, eee, ooo. Majirani wakatoka kutazama.

"Tea," Hajira akaita kutoka kwao, "mchumba wako tumbo linamsokota?"

"Anasafisha koo."

"Wallahi hilo koo lina uchafu wa siku nyingi."

"Kaa hapo hapo. Akimaliza kusafisha utanyamaza mwenyewe."

Na kweli Hajira alinyamaza. Maana Saturnini alipoanza kuimba kwenyewe, sauti ilitoka bila kusukumwa, laini, ikapanda mpaka pale ungedhani itakatika, nayo ikakaa pale pale, imetulia kama mwewe juu ya shamba. Lusiana aliegemea mpini wa jembe. Teodosia alipita na mtungi kichwani, na njia nzima alijiona amerefuka.

"Unaimba nini?" alimuuliza siku moja walipokaa kupumzika.

"Mtu amempoteza mpenzi wake. Anaongea na mto."

"Mto unamjibu?"

"Piano ndiyo mto."

"Basi siku ile mjomba alipokuuliza, ungemwambia unaimba na mto. Angekuelewa mapema."

Saturnini alicheka, halafu akaacha kucheka.

"Padre anataka nikaimbe Dar es Salaam. Baadaye nikasomee sauti mbali zaidi. Wewe unataka nini, Tea?"

Jibu alikuwa nalo, lilimjaa kifuani. Lakini hakuwa amewahi kuona msichana wa Chunyu akilitoa jibu kama lile.

"Mjomba ndiye anayejua," alisema, akainuka.

Mtama ulipokuwa umeiva, nusu umevunwa na nusu bado, akaja katekista na baiskeli, ana barua fupi ya padre. Saturnini aliisoma kwa sauti, wote wakisikia:

"Saturnini, njoo. Jumamosi jioni tunaimba Nachingwea, kwenye ukumbi wa mradi wa karanga. Watu wa redio wanakuja na mashine ya kunasa sauti. Wakikupenda, kazi ipo. Kunywa asali. Usigombane na mtu, utaharibu koo. Padre F."

Mzee Kornel akaonyesha shamba kwa kidevu.

"Mtama huu unauona?"

"Nauona, mzee. Jumatatu nitakuwa hapa."

"Jumatatu utaikuta nyumba. Mlango hutaukuta."

Saturnini alikumbuka asali na koo lake, hakujibu. Alibaki ameshika kisu cha kuvunia, hajui akiweke wapi. Teodosia akamsogelea, akakitoa mkononi mwake.

"Nenda. Mistari yako nitaikata mimi."

"Teodosia," mjomba akasema.

"Mtama si lazima uingie ghalani, mjomba? Utaingia."

Akainama, akaanza kukata. Hajira naye akajifunga kanga, akaja. Na Lusiana, ambaye siku zote hampingi kaka yake, alichukua ungo, akawafuata binti hao bila kusema kitu.

Jumamosi asubuhi Mzee Kornel alivaa koti lake la Pasaka.

"Nakwenda Nachingwea. Nitamwambia mbele ya padre wake kwamba yamekwisha, asije akasema hakuambiwa. Teodosia, twende, ukasikie kwa masikio yako."

"Na mimi nimsindikize," Hajira akadakia. "Akizimia atashikwa na nani?"

Walipanda lori la magunia ya ufuta. Mzee Kornel alikaa mbele na dereva, amenyooka. Teodosia alikaa juu ya magunia, vumbi likimwingia machoni, akashukuru vumbi kwa kumpa sababu ya kujifuta.

Walipofika jioni, kazi ilikuwa imeshaanza. Ukumbi umejaa: Wazungu wa mradi kwenye viti vya mbele, nyuma kwenye mabenchi makarani, madereva, wauguzi na watu wa sokoni. Wakabanana benchi la mwisho. Saturnini alisimama kando ya piano, koti jeusi la kuazima mikono mifupi, na pale mikono ilipoishia ungeviona viganja vya jembe.

"Ndiye huyu?" Mzee Kornel akanong'ona. "Amekuwaje mkubwa?"

Aliimba Kijerumani. Nyimbo za mto, za theluji, za mtu anayesafiri. Mama mmoja wa Kizungu alitoa leso. Karani mbele ya Teodosia alimwambia mwenzake, "Huyo ni wa Narung'ombe, huyo," kama vile yeye ndiye aliyemzaa. Teodosia alitaka kumgusa bega amwambie: na mtama wake nimeuvuna mimi.

Kisha Padre Fransisko akainuka.

"Wimbo wa mwisho ni mpya. Haujawahi kuimbwa popote. Muziki nimetunga mimi, maneno ametunga Saturnini, shambani Chunyu. Ni ya Kimwera."

Mzee Kornel akaweka mikono magotini.

Piano ilianza kidogo kidogo, kama majembe yakigonga udongo kwa kupishana. Saturnini akaingia juu yake. Maneno yalikuwa haya, nikiyaweka kwa Kiswahili: nimelima tangu alfajiri, mgongo umekuwa mgumu, jua linanichwea, je, nani yuko kule ukingoni mwa shamba?

Akanyamaza. Piano nayo ikanyamaza. Padre alikuwa ameandika hivyo, kimya kirefu, swali libaki likining'inia. Wazungu wakatulia, wanajua kusubiri.

Mzee Kornel hakujua. Aliona mtoto wa watu amesimama peke yake, ameita kwa Kimwera, na ukumbi mzima unamtazama usoni. Akageuka kulia. Akageuka kushoto.

"Hamumpokei?" akauliza kwa sauti ya chini. "Nyie, hamumpokei?"

Akasimama. Na kwa ile sauti nzito ya wapaliliaji akaimba:

"Tupo. Tupo ukingoni, tupo."

Vichwa vya mbele vikageuka. Lakini mabenchi ya nyuma yalikuwa ya watu wa kwetu. Madereva wakapokea, wauguzi wakapokea, Hajira akapokea kwa ile sauti nyembamba ya wanawake, na ukumbi ukajaa: tupo ukingoni, tupo. Yule wa redio akataka kuizima mashine. Padre Fransisko akamkataza kwa mkono. Saturnini aliisikiliza ile sauti mpaka ikatua, akachukua pale ilipoachia, akapanda juu yake, juu kabisa, wala haikukatika.

Baadaye wote walikutana nje, kwenye ngazi.

"Mzee," Saturnini alisema, "pale palikuwa pameandikwa kimya."

"Nani kaandika?"

"Mimi," akasema padre.

"Afute."

"Nimeshafuta," padre akajibu. "Nimeandika mnaingia nyie. Na redio wamemtaka. Dar es Salaam, mwezi ujao."

Hajira akajishika kiuno.

"Mzee Kornel, mgeni haitikiwi. Wewe umemwitikia mbele ya Wazungu na mashine. Sasa huyu ni nani wako?"

Mzee Kornel alijifuta ndevu. Alimtazama yule kijana, viganja na koti.

"Niliacha mtama nikaja mpaka hapa kusema neno," alisema. "Limenitoka. Mkwe wangu huyu. Nimemsikia, nimemwona mkubwa, na ni wetu. Lakini Dar es Salaam..." Akasita, akamgeukia mpwa wake. "Mwanangu, mimi nimesema yangu tangu mwanzo, na wewe hakuna aliyekuuliza. Unatakaje?"

Wote wakamtazama. Teodosia alijifuta vumbi usoni, taratibu, akasimama wima kama siku zile za mtungi kichwani.

"Nataka ndoa kabla ya mwezi kwisha, hapa misheni, mama akiwepo. Kila mavuno tutarudi Chunyu, tutavuna wote, yeye na mimi. Na Dar es Salaam sitaki kusimuliwa, mjomba. Nataka kwenda naye."