Chumvi ya Nyumba Safi

Kila Jumamosi asubuhi Bi Tiruwork aliosha chumvi. Aliimimina kutoka kwenye pakiti ndani ya kikapu cha msuko mwembamba, akaimwagia maji ya chemchemi, akaitikisa haraka, kisha akaianika juani kwenye ungo. Ikikauka, aliitia katika chungu kilichokaa wazi karibu na meko. Kazi ya binti yake, Wubalem, ilikuwa kukaa kando na kijiti na kufukuza kuku.

"Mama, nyingine inakwenda na maji."

"Na iende. Ikipungua chumvi, uchafu nao unapungua. Bibi yangu alikuwa akisema, chumvi isiyooshwa ni jasho la ngamia."

Bibi huyo alisema kweli, kwa wakati wake. Zamani chumvi ilifika kwetu Gojjam, milimani Ethiopia, kwa mabonge, kutoka jangwani, mgongoni mwa ngamia na nyumbu, ikishikwa na kila mkono njiani. Mwanamke aliyejiheshimu aliikwangua na kuiosha. Mabonge yalikwisha, pakiti zikaja, lakini kikapu kilibaki katika nyumba ya Bi Tiruwork, naye akajivunia kikapu hicho kuliko ng'ombe wake.

Wubalem hakuruhusiwa kula kwa jirani yao, Bi Asnakech, mjane aliyekausha samadi na kuiuza kama kuni.

"Yule anaichota chumvi kwa vidole vilevile vya samadi," Bi Tiruwork alisema, bila kupunguza sauti. "Mama yake alikufa na rovu shingoni kama boga. Uchafu huo!"

Ua lilikuwa la matete tu. Bi Asnakech alisikia kila neno. Hata hivyo, asubuhi Wubalem alipopita akitetemeka ndani ya shuka lake, mjane yule alimwita mekoni. "Njoo, binti, lete mikono." Aliikamata mikono ile miwili, akaipasha moto, kisha akamwachia aende shule.

Mikono ya Wubalem ilikuwa baridi hata jua likiwaka. Alikuwa na miaka kumi na miwili. Alisinzia darasani, alisahau jedwali la kuzidisha alilolijua jana yake, na shingo yake ilikuwa imeanza kuvimba mbele, taratibu, kama kinyunya cha injera, mkate wetu, kinavyoumuka.

Shuleni hakukuwa na wa kumhurumia. Getaneh, mwana wa Bi Asnakech, ndiye aliyeongoza wengine.

"Wubalem! Umemeza yai ukasahau kulitafuna?"

Watoto walicheka mpaka wakashika mbavu. Getaneh alikuwa amesikia kila neno la uani, na kwa kuwa hakuweza kumjibu mtu mzima, alimjibu binti yake.

Mwalimu Molla naye alikuwa na fimbo ya mzeituni. "Umelala tena? Simama! Nyosha mkono." Alimchapa kwa kusinzia, akamchapa kwa kusahau, na Wubalem alipochelewa kuunyosha mkono wa pili, akamchapa kwa ukaidi. Nyuma Getaneh aliimba ile methali ya kwetu ya balaa juu ya balaa: "Juu ya rovu, matubwitubwi!"

Muhula ulipokwisha, Wubalem alikuwa wa mwisho. Baba yake, Belete, alikata shauri palepale. "Kondoo hawana mitihani. Akishika mkia mara nyingine, atakwenda kuwachunga, na hiyo shule tutaisikia kwa majirani."

"Baba, najaribu," Wubalem alisema.

"Ungekuwa unajaribu usingelala."

Aliogopa sana. Alianza kujifinya mapaja darasani ili asisinzie, akawa na alama nyeusi chini ya gauni. Hata hivyo alilala.

Siku moja, katikati ya mfungo mrefu wa kabla ya Pasaka, muuguzi wa kata aliyeitwa Zinash alifika shuleni. Alikuwa amewaagiza wanafunzi waje na chumvi ya nyumbani, kijiko kimoja, ndani ya karatasi. Aliipanga juu ya meza na kuidondoshea dawa kutoka kwenye kichupa.

"Ikigeuka zambarau, ina madini joto, yaani iodini. Ikibaki nyeupe, haina."

Ya kwanza ikawa zambarau. Ya Getaneh ikawa zambarau iliyokolea kama wino, naye akaiinua juu ili wote waione. Ikafika zamu ya Wubalem. Tone likaanguka. Chumvi ikabaki nyeupe pe. Zinash akaongeza tone jingine. Nyeupe.

"Hata chumvi yao imekufa!" Getaneh alipiga kelele.

Mwalimu Molla alitabasamu kwa upande mmoja wa mdomo. "Nyumba ya usafi ile! Kumbe wananunua chumvi ya ng'ombe."

Darasa zima likalia kama ng'ombe. "Mooo!" Wubalem alikunja karatasi yake, akaishika kifuani, akatoka nje akiwa ameinama. Kilio kile kilimfuata mpaka langoni.

Haukupita muda mrefu kabla Bi Tiruwork hajaingia uwanjani, pakiti mkono mmoja, chungu mkono wa pili. "Nani kasema nanunua chumvi ya ng'ombe? Wewe mwalimu? Soma hapa! Soma kwa sauti, wakusikie hao ndama wako!"

Zinash hakubishana naye. Alichukua chembe kutoka kwenye pakiti, akadondosha tone. Zambarau.

"Mmeona?" Bi Tiruwork aliwageukia wote.

"Nimeona, mama. Sasa nipe ya chungu."

Chumvi ya chungu ilibaki nyeupe.

"Mama yangu," Zinash aliuliza polepole, "kati ya pakiti na chungu, chumvi hii inapitia wapi?"

"Inapitia wapi? Naiosha! Naianika! Mimi si mtu wa kula ta—" Akakitazama chungu chake.

Zinash akamweleza, bila kucheka. "Madini joto hutiwa kiwandani, yakashika juu ya chembe. Maji yakipita, yanaondoka nayo. Jua na moto wa meko vinamalizia. Udongo wa milima yetu umeoshwa na mvua tangu enzi za mababu, kwa hiyo hata kabichi zetu na nafaka yetu ya tefu hazina ya kutosha. Mfungo nao unatunyima maziwa na mayai. Iliyobaki ni chumvi. Tezi ya shingo ikikosa madini hayo, huvimba ikihangaika kufanya kazi. Mtoto huona baridi, huchoka, husahau. Huo si uvivu." Akaongeza, "Lakini si kila uvimbe wa shingo unatokana na chumvi. Lazima apimwe damu."

Mwalimu Molla, aliyesimama mlangoni mwa darasa, aliitazama fimbo yake, akaisogeza nyuma ya mlango.

Bi Tiruwork aliketi chini mavumbini, bila kujali sketi yake nyeupe. "Nilikuwa nikiyamwaga," alisema. "Kuku ndio waliokuwa wakiyanywa. Na mwanangu nikimpa kijiti awafukuze."

Damu ilipopimwa hospitalini, ilionyesha tezi imedhoofika sana. Wubalem alipewa vidonge, na baba yake akaambiwa asubiri, habari ya kondoo iwekwe kando. Belete alikubali. Wakirudi nyumbani siku ile, alimbeba binti yake mgongoni sehemu yote ya mlima.

Kesho yake Bi Asnakech alibisha hodi, akimsukuma Getaneh mbele.

"Njoo unicheke," Bi Tiruwork alisema. "Ni haki yako."

"Nikucheke nini? Mama yangu alikufa hivyohivyo, na siku hizo hapakuwa na pakiti." Alitoa chungu kidogo chenye kifuniko kinachobana. "Ya kwako iko wazi motoni. Chumvi itie humu, na uiweke kwenye mchuzi ukishauepua. Getaneh, sema."

Getaneh alitazama vidole vya miguu yake. "Wubalem, nisamehe. Ile ya yai."

"Na ile ya ng'ombe," mama yake alisema.

"Na ile ya ng'ombe."

Bi Tiruwork alikipokea chungu kwa mikono miwili. Kwa mara ya kwanza alimkaribisha jirani yake kahawa, wakanywa vikombe vyote vitatu vya desturi.

Muhula uliofuata Wubalem hakuwa wa kwanza, lakini nyuma yake walikuwapo wengi, na kondoo walipata mchungaji mwingine. Shingo ilipungua, haikuisha. Daktari alisema huenda kidogo kikabaki. Fimbo zilizopita hazikuwa na wa kuzifuta.

Asubuhi moja alipita kwa Bi Asnakech kama kawaida. Mjane aliikamata mikono yake, akashtuka kidogo, kisha akacheka.

"Leo ina moto kuliko yangu!" Halafu akamgeukia Getaneh aliyekuwa akifunga daftari zake. "Nawe sikia, mwanangu, na mimi pia najiambia. Baba yake alimwita mvivu, mwalimu akamchapa, wewe ukamcheka. Mimi niliipasha mikono hii kila siku, na sikuuliza hata mara moja kwa nini ni baridi. Mwenzako akichoka kila siku, muulize kwanza. Fimbo na kicheko havijawahi kumponya mtu."

Akaiachia ile mikono. "Haya, nendeni. Mtachelewa."