Chupa Ndani ya Ukuta wa Ukumbi

Kitu cha kwanza nilichokiona kilikuwa uzi.

Nilikuwa nafagia ukumbi mpya wa parokia, kama kila siku baada ya kuwaogesha wadogo zangu. Shomoro alikuwa ameng'ang'ania tundu la tofali, juu karibu na dirisha, anavuta uzi mweupe kutoka ndani ya ukuta. Alivuta, akapumzika, akavuta tena. Uzi ukakatika, akaruka nao. Nikainama nikaendelea kufagia. Nilijua uzi ule ulitoka wapi, lakini sikutaka kujua.

Ukumbi ule tuliungoja kwa muda mrefu. Kabla yake, watoto wa parokia hatukuwa na mahali petu. Wa komunyo ya kwanza walifundishwa kwenye ngazi za kanisa, wa kipaimara chini ya mnara, na kwaya ya vijana ilifanya mazoezi nyuma ya vyoo, mpaka watu wakaiita kwaya ya malaika wa chooni. Kukiwa na mazishi, sote tulitolewa juani. Ndipo waumini wakakubaliana: ujengwe ukumbi wa watoto na vijana, wenye madarasa mawili na chumba cha vitabu.

Fundi mkuu alikuwa mjomba wangu, kaka yake mama. Watu walimwita Taratibu, maana hakuweka tofali mpaka alitazame kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Wakimcheka, alijibu, "Haraka nayo hujenga ukuta wake. Ngoja mvua inyeshe, utaona."

Mimi nilikuwa na miaka kumi na miwili. Niliacha shule darasa la pili, herufi zikiwa bado hazijanikaa, mama alipougua na wadogo zangu mapacha wakahitaji mtu wa kuwabeba. Katekisimu niliikariri kwa masikio. Sikuwa msemaji, kwa hiyo watoto waliniita Bubu. Aliyenipa jina hilo ni msichana mmoja tuliyemwita Kengele, kwa sababu akianza kusema hanyamazi mpaka mtu amshike.

Ukuta ulipopita madirisha, katekista wetu, mama mmoja mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa waya, alituletea wazo. Kila mtoto aandike jina lake kwenye karatasi ndogo. Majina yote yatiwe kwenye chupa ya divai ya misa iliyooshwa vizuri, na chupa ikae ndani ya ukuta.

"Nyumba iwajue watu wake," alisema.

Kengele aliniona nimeshika kalamu bila kuandika. "Lete, Bubu, nikuandikie." Akaandika, akacheka kidogo, akakunja karatasi haraka na kuitia kwenye chupa. Katekista akaifunga kwa kizibo na nta ya mshumaa. Padre akaibariki. Ikaviringishwa kitambaa cheupe, na mimi ndiye niliyetumwa kuipeleka kwa mjomba.

"Nakupa wewe kwa sababu huna papara," katekista aliniambia.

Nilipita nyuma ya kanisa, nikakaa, nikaifungua. Kizibo nilikivuta kwa meno, kikavunjikavunjika chote. Baada ya kuchungulia karatasi nilizirudisha ndani, nikaviringisha kitambaa upya na kukifunga kwa nguvu juu ya mdomo wa chupa. Mjomba alikuwa na mikono ya saruji. Hakutaka kukishika kitu kilichobarikiwa kwa mikono ile, hivyo aliniinua mabegani nikaiweka mwenyewe kwenye kishubaka alichokiacha ukutani, na kitambaa chake. Mbele yake akajengea tofali la matundu, ili chupa ipate hewa. Hakuna aliyejua. Hakuna hata aliyeuliza.

Miezi ikapita. Paa likaezekwa, milango ikatiwa. Shomoro wakaja wakaondoka na nyuzi zao.

Kisha, alasiri moja, watoto wakiwa katikati ya Baba Yetu, ukuta ukaguna.

Haikuwa sauti kubwa. Ilikuwa kama mtu aliyefumba mdomo na kuita kutoka mbali, *uuuu*, halafu akanyamaza kusikiliza kama ameitikiwa. Katekista alisimamisha sala. Sote tukatazamana. Ikaita tena, mara hii ndefu zaidi, na mtoto mmoja wa mbele akasema, "Abee!" kwa sababu alidhani ameitwa.

Hapo ndipo hofu ilipoanza. Siku zilizofuata, kila mtoto aliapa kwamba amesikia jina lake. Kengele alisikia lake mara tatu. Sauti ilikuja alasiri tu, jua likiwa bado linawaka na mlango ukiwa wazi. Usingeweza kusema ni ndoto. Mimi nilisimama na ufagio wangu nikatega sikio. Niliyasikia majina ya wenzangu wote, au nilidhani nimeyasikia. La kwangu sikuwahi kulisikia, na hilo liliniogopesha kuliko sauti yenyewe.

"Ni zile karatasi," Kengele alinong'ona. Ilikuwa mara yangu ya kwanza kumsikia akinong'ona. "Tuliupa ukuta majina yetu, sasa unatuita mmojammoja."

Siku moja sauti ilipopanda, watoto walikimbilia mlangoni kwa pamoja. Mtoto wa sakristani alikanyagwa, akavunjika mkono. Baada ya hapo wazazi wakawakataza watoto wao kuingia. Darasa la komunyo likarudi kwenye ngazi, na kwaya ikarudi nyuma ya vyoo. Ukumbi ukabaki na mimi, ufagio na yule anayeita.

Watu wazima nao walikuwa na maneno yao, mabaya kuliko ya Kengele. Niliyasikia bombani, nikiwa na ndoo yangu.

"Taratibu yule, unadhani alichelewa bure? Alikuwa anafukia vitu vyake."

"Vitu gani, dada?"

"Mimi najua? Kamuulize yeye. Ukuta wa fundi mwingine ulishaguna?"

Nilijaza ndoo, nikajitwisha, nikaondoka. Maji yalinimwagikia mgongoni njia nzima.

Padre alisema misani kwamba haamini uchawi ukutani, lakini watu walishaamini. Mjomba akaanza kukosa kazi. Waliompa nyumba ya kujenga walimwambia angoje kidogo, kisha angoje tena. Alasiri moja nilimkuta ndani ya ukumbi, peke yake, ameweka sikio ukutani na kufumba macho. Ukuta uliguna.

"Kila tofali nililitazama," alisema bila kugeuka. "Kila moja. Labda kweli kuna mahali nilikosea. Labda niliamsha jambo nisilolijua."

Juu yake nililiona lile tofali la matundu, upepo ukipita ndani yake bila uzi hata mmoja, nikaelewa. Nikafungua mdomo. Maneno yalikuwepo, yamejipanga. Nikaufunga.

Jumamosi nilikwenda kuungama. Nilipiga magoti kwenye kiti cha kitubio nikamwambia Padre yote kuhusu kizibo na kitambaa. Nilipomaliza nilihisi mwili mwepesi. Nilifikiri kazi imekwisha. Padre sasa anajua, atamwambia mjomba, mjomba atatoa tofali moja, na mimi sitalazimika kusimama mbele ya mtu yeyote.

Padre alisogea karibu na pazia.

"Mwanangu," akasema, "Mungu amekusamehe. Lakini nikitoka hapa, mimi sijui kitu. Siwezi kumwambia mjomba wako, wala halmashauri, wala kulitazama lile tofali kwa namna nyingine. Mdomo wangu umefungwa. Wako haujafungwa. Umenielewa?"

"Ndiyo, Baba."

Nilielewa, lakini sikufanya. Jumapili halmashauri ya parokia ilikutana, na nilikuwepo nikipanga viti. Wakaamua ukuta wa upande ule ubomolewe wote, kionekane kilichomo. Kabla ya kufunga, Padre aliuliza, "Hakuna mwenye neno lingine?" Alitazama dari alipouliza. Akangoja. Alingoja muda mrefu mpaka mwenyekiti akakohoa.

Mjomba alisimama. "Kama ni kuvunja, nitavunja mwenyewe. Sitaki mtu mwingine aupige ukuta wangu."

Siku ya kubomoa, watu walijaa uani kana kwamba kuna harusi. Hakuna aliyetaka kuingia. Walichungulia madirishani. Upepo wa alasiri ulikuwa unapita kwa nguvu kati ya kanisa na ukumbi, na ndani ya ukumbi ile sauti haikukatika kabisa: *uuuu*, *uuuu*. Mama mmoja, mmoja wa wale wa bombani, alishika rozari yake kwa mikono miwili. Mjomba akapanda jukwaa la mbao, akaitazama kazi yake kwa jicho moja, kisha kwa jingine. Machozi yalikuwa yanamshuka. Akainua nyundo.

"Mjomba, subiri!"

Watu waligeuka kumtafuta aliyesema. Hata mimi nilikuwa karibu kugeuka.

"Nani? Bubu?" Kengele alisema nyuma yangu. "Bubu ana sauti!"

Nilipita katikati yao. Nikapanda jukwaani, nikanyoosha mkono, nikaziba matundu ya tofali kwa kiganja changu.

Sauti ikakatika.

Nikaondoa mkono. *Uuuu.* Nikaziba. Kimya. Huko madirishani vichwa vikasogea karibu.

"Ni chupa," nikasema. Sauti yangu ilikuwa nyembamba, lakini ilifika. "Haina kizibo. Niliifungua mimi siku ile, kizibo kikavunjika, nikanyamaza. Nilifunga kitambaa, shomoro wamekichukua. Mjomba hakufukia kitu. Ni mimi."

Mjomba alishusha mkono. Kisha akaweka nyundo kubwa chini, akachukua tindo yake ndogo, akalitoa tofali lile moja, taratibu, bila kulivunja pembe. Ndani kulikuwa na nyuzi chache tu zilizobaki za kitambaa, na katikati yake chupa imesimama, mdomo wazi chini ya tundu. Akaitoa, akaiweka karibu na mdomo wake na kupuliza. *Uuuu.*

"Hamjawahi kupuliza chupa ninyi?" aliwauliza watu madirishani. "Jamani, watu wazima na ndevu zenu!"

Mtu mmoja akacheka, kisha wote. Yule mama wa bombani aliikunja rozari yake akaanza kutafuta njia ya kutokea, lakini Kengele alikuwa amesimama langoni. "Shikamoo, mama," alimwambia kwa sauti kubwa. "Sasa yale maneno uliyomsema Taratibu utayafukia wapi?" Katekista akamvuta sikio.

Padre alikuja akanishika bega. "Kumbe ni chupa!" akasema, kama mtu anayelisikia jambo kwa mara ya kwanza.

Nilikwenda nyumbani kwa mtoto wa sakristani kumwomba radhi, na kwa wiki tatu nilimchotea mama yake maji. Hayo nilijipangia mwenyewe. Jioni ya siku ile ya kubomoa, mjomba alinikalisha kwenye ngazi za ukumbi.

"Sikukasirikia chupa, mama," alisema. "Kizibo ni kitu kidogo. Ungeniambia siku ile, ningekuchongea kingine kabla saruji haijakauka. Nimeumia kwa ile miezi. Unajua, mtu akinyamaza mahali panapohitaji neno, pale hapabaki patupu. Wengine huja wakapajaza, na hujaza uongo. Ukweli wako ulikuwa wa sentensi moja tu. Tazama walivyojaza wao: uchawi, mkono uliovunjika, jina langu kuchafuka. Kosa liseme likiwa bado bichi. Likikauka, ni tindo na nyundo."

Kisha akacheka, akanipa kizibo kipya alichokichonga, nikakipigilia mwenyewe.

Kabla chupa haijafungwa, katekista alitoa karatasi na kusoma majina yote kwa sauti, kuhakikisha hakuna lililopotea. Lilipofika langu, nilishtuka. Lilikuwa jina langu kamili, na la mama yangu, na pembeni Kengele alikuwa amechora ua dogo. Ndiyo maana alicheka.

Sasa ukumbi ule haunyamazi tena. Asubuhi wako watoto wadogo, alasiri wa katekisimu na kwaya, na Jumanne na Alhamisi wanafunzwa vijana walioacha shule kama mimi. Mimi nilianza kwenye benchi la nyuma. Siku hizi nawafundisha wadogo herufi, na mtoto akishindwa simwiti jina lolote ila lake.

Kila mtu aliniuliza kwa nini niliifungua chupa. Niliwajibu, "Nilitaka kuona tu." Mjomba nilimjibu hivyo, katekista pia, hata Padre kule kwenye kitubio. Haikuwa kweli yote.

Niliogopa Kengele ameandika "Bubu". Nilikaa nyuma ya kanisa nikazikunjua karatasi zote, moja baada ya moja, nikilitafuta jina langu. Nililishika mkononi, nikalitazama, nikalirudisha. Sikulijua.