Mgeni wa Siku Kumi na Nne

Siku ya tatu baada ya kuwekewa kiinitete, Mama Pasi aliamka kutoka usingizi wa mchana akakuta kiti kimoja cha meza ya chakula kimesimama mlangoni mwa chumba cha kulala, kimeelekea kitandani.

Hakushtuka. Alidhani mumewe alikitumia kubadilisha taa akasahau kukirudisha. Alikibeba taratibu, maana alikatazwa kubeba vitu vizito, akakirudisha mezani penye vingine vitatu.

Hakuwa mama wa mtu. Jina hilo alipewa na wenzake wa duka la dobi alikonyoosha nguo, na mwanzoni lilikuwa utani. Miaka tisa ya ndoa ilipopita bila mtoto wa kumpa jina jingine, utani ukaanza kuuma, ila aliyejua hivyo ni mumewe peke yake. Mumewe alitengeneza friji, watu wakamwita Fundi Baridi. Majirani walipenda kusema nyumba ile ina moto na baridi, ndiyo maana haiungui wala haigandi.

Hii ilikuwa mara yao ya pili kujaribu kupata mtoto kwa njia ya maabara. Mara ya kwanza haikushika. Safari hii muuguzi aliwaambia maneno machache tu: siku kumi na nne, ndipo damu ipimwe. "Usijipime mwenyewe nyumbani, dawa tulizokupa zitakidanganya kipimo. Pumzika, kula, cheka. Kusubiri ndiyo kazi yenyewe."

Kucheka! Mama Pasi kila alipokwenda chooni alitazama kwanza kwa jicho moja, kama mtu anayechungulia shimoni, akiomba asione damu.

Jioni ile alimwambia mumewe, "Umeacha kiti mlangoni, nusura nijikwae."

"Kiti gani? Mimi nimetoka hapa saa moja asubuhi."

"Basi kimetembea."

"Kina miguu minne, mke wangu. Sisi wenye miwili tunatembea, sembuse chenyewe?"

Wakacheka. Lakini kesho yake, saa nane mchana, alipofumbua macho, kiti kilikuwa ndani ya chumba. Na siku ya tano kilikuwa kando ya kitanda, karibu kiasi kwamba angenyoosha mkono angekigusa. Alinyoosha. Mto wa kiti ulikuwa umebonyea katikati, na mbele ya macho yake ukawa unainuka polepole, kama sponji ambayo mtu ameinuka juu yake sasa hivi. Ulikuwa na joto.

Chumba kizima kilinuka maziwa yaliyofurika jikoni yakaungulia kwenye jiko. Hapakuwa na maziwa mle ndani. Alikuwa ameyapiga marufuku wiki nzima, yalimtia kichefuchefu.

Hakumwambia mumewe. Muuguzi alishaonya kwamba dawa zile huvuruga hisia, na hakutaka kuonekana ameanza kurukwa na akili siku ya tano tu. Tena mumewe mwenyewe alikuwa amebadilika. Yule aliyekuwa hali wala hazungumzi wiki ile ya kwanza ya mara ya kwanza, sasa alirudi kazini akipiga mluzi. Alisimama kwenye mlango wa kile chumba kidogo cha stoo, akakipima kwa macho, akasema, "Hiki tutakipaka rangi ya manjano."

"Usiseme hivyo," mkewe alimwambia. "Bado hatujui."

"Tutajua tu," akajibu, na mluzi ukaendelea.

Siku ya sita Mama Pasi aliamua kutolala. Alifumba macho tu, shuka hadi kidevuni, akasikiliza jua likipasha mabati ya jirani na mtu wa mbali akitwanga kitu, na katikati ya sauti hizo za kawaida akasikia miguu ya kiti ikikwaruza sakafu, hatua moja, kimya, hatua nyingine, kimya, ikaja hadi ubavuni mwake, mbao zikalia zilivyozoea kulia mtu mzito anapojiweka sawa, kisha pumzi, pumzi ndefu ya mtu aliyepanda ngazi nyingi na hatimaye amepata pa kupumzikia, ikamgusa shavuni na harufu yake ya maziwa yaliyoungua.

"Sita," sauti ikasema. Ilikuwa sauti ya kike iliyokauka, kama ya mtu aliyeita hadi koo likamwisha. "Bado nane."

Mama Pasi aliuma foronya.

"Mimi najua kama kipo au hakipo. Uliza tu. Neno moja."

Hakuuliza. Wala haukuwa ushujaa, aliogopa jibu. Alilala vile vile, jasho likimtiririka mgongoni, mpaka aliposikia funguo za mumewe mlangoni, na alipofumbua macho kiti kilikuwa kitupu.

Siku ya nane mama mkwe alikuja na supu. Alikuwa mwanamke wa maneno mengi, asiyepita mlango bila kuulaumu, na alipomkuta mkwewe amekonda uso akaanza palepale: "Mwanangu, unangoja mimba au unangoja hukumu? Jitazame!" Akaweka bakuli chini, akavuta kile kiti, akakaa.

Akainuka kama aliyekalia kaa la moto.

Alisimama akiwa ameshika kifua, maneno yamemwisha kwa mara ya kwanza tangu Mama Pasi aolewe. Kisha akanong'ona, "Nani amekaa hapa?"

"Mama…"

"Nimekalia mapaja ya mtu, mwanangu. Mapaja. Na magoti nimeyasikia."

Hapo Mama Pasi akalia, akaeleza yote. Mama mkwe hakumkatiza hata mara moja. Alipomaliza, mama mkwe alimshika mkono, akamtoa nje ya nyumba na khanga yake vilevile, akampeleka kulala kwake.

Kesho yake, siku ya tisa, saa sita mchana, walirudi pale nyumbani na mwanamke mfupi, mnene, aliyebeba ndoo ya maji kichwani bila kuishika. Sokoni aliuza ndoo na mabeseni, wakamwita Mama Ndoo. Kazi yake ya pili haikuwa na kibao. Fundi Baridi naye aliitwa kutoka kazini, akaja na mafuta ya mashine mikononi.

Mama Ndoo alinusa mara moja tu. Akatua ndoo, akakitazama kiti kilichokuwa bado kando ya kitanda, akabaki amesimama.

"Huyu ni jini mngojeaji," alisema kwa sauti ya chini. "Hana kwake. Akisikia nyumba inangoja jambo roho juu, hujipenyeza akangoja nao. Akinyimwa neno, huchoka akaenda zake. Lakini huyu amekaa kama mwenye nyumba. Nani amempa kitu?"

"Sijamjibu hata neno moja," Mama Pasi akasema.

Mama Ndoo akageuka. Mama mkwe akageuka. Fundi Baridi alikuwa anatazama viganja vyake.

"Sema, baba."

"Nilikuwa na friji ya mtu," akaanza, akajifuta viganja kwenye suruali, akaanza upya. "Siku ya pili baada ya hospitali. Friji imekufa, haina hata waya wa umeme. Nikaingiza kichwa nitazame ndani. Ikanipulizia baridi usoni. Halafu mtu akaniambia, uliza. Nilitaka kukimbia. Wallahi nilitaka. Lakini akasema anajua."

"Ukauliza," mkewe akasema.

"Nikauliza. Akasema kimeshika. Akasema vinavyoshika huwa vinaporomoka, ila nikimpa jina la mtoto atamlinda. Nikampa."

Jina lile walilichagua mwaka wa kwanza wa ndoa, usiku mmoja wa kucheka, wakaapa hawatalitamka mbele ya mtu hadi mwenyewe azaliwe. Mama mkwe mwenyewe hakulijua.

"Ulimpa jina la mwanangu?" Hakupaza sauti. Mumewe angeona nafuu kama angepaza.

Kabla hajajibu, kiti kikalia. Mto ukabonyea. Na ile sauti kavu ikaliita jina lile, taratibu, kwa upendo, kama mama anayemwita mtoto arudi ndani kuna giza.

Mama Pasi akajikunja, mkono tumboni. Kitu kilikuwa kimemvuta kwa ndani, kama uzi.

"Akiita mara ya tatu, mtoto ataitika," Mama Ndoo akasema haraka. "Akiitika si wenu tena. Baba, aliyetoa ndiye arudishe. Mwambie!"

Sauti ikaita mara ya pili.

Fundi Baridi alipiga magoti mbele ya kiti, na wote waliona pumzi yake ikitoka moshi mweupe, mchana ule wa jua kali, meno yakimgongana, nyusi zikianza kushika umande, na bado akasogea, akaweka viganja vyake vya mafuta juu ya mto uliobonyea, mahali ambapo palipaswa kuwa na mapaja, akasema, "Jina hilo si lako. Lilikuwa letu sisi wawili, nikalitoa peke yangu kwa sababu ya woga. Nalirudisha kwetu. Huna chako hapa."

Mto ukatikisika. Halafu kicheko kidogo.

"Chukua jina. Basi na jibu langu mlipokee. Yule mtoto…"

"Msisikie!" Mama Ndoo akapiga kelele. "Mkilipokea jibu lake mmemkaribisha upya! Zibaneni masikio!"

Fundi Baridi alirukia masikio ya mkewe, naye mkewe, bila kufikiri, akaziba ya mumewe. Hakuna aliyebakiwa na mkono wa kujizibia mwenyewe. Walitazamana hivyo karibu karibu, na kila mmoja aliweza kuona machoni mwa mwenzake kwamba ile sauti ilikuwa bado inasema, vioo vya dirisha vilitikisika na pazia likavutwa nje kama lililoshikwa na mtu anayeanguka, na Mama Ndoo akainua ndoo yake akakimwagia kiti maji yote kwa mkupuo mmoja. Kiti kilitoa mvuke kama shati bichi chini ya pasi. Kikaanguka ubavu.

Harufu ya maziwa ikakatika.

Waliposhusha mikono, Mama Ndoo alikuwa anafuta uso kwa upindo wa nguo. Mama mkwe alikuwa chini ya kitanda na hakutaka msaada wa kutoka.

"Alisema nini?" Fundi Baridi akauliza.

"Hujakoma wewe?" Mama Ndoo akamkata jicho. "Nimesikia. Kusikia ndiyo kazi yangu, na kunyamaza vilevile. Na msinitazame usoni mkitafuta jibu, majini ni waongo hata wanaposema kweli. Mtoto sijawaahidi. Nimewatolea mgeni, basi."

Akakibeba kile kiti, akaondoka nacho kwenda kukichoma.

Siku mbili Mama Pasi hakumsemesha mumewe. Alimpakulia chakula, akamwekea maji ya kuoga, ila neno hakumpa. Siku ya kumi na moja muuguzi alimruhusu kurudi kazini afanye kazi ya kukaa, akawa anakunja mashuka na kusikiliza umbeya wa wenzake, na alishangaa kuona saa zinatembea. Siku ya kumi na mbili, mezani, mumewe aliweka kijiko chini.

"Mara ya kwanza ulilia siku nne," alisema. "Sikujua nifanye nini na mikono yangu. Safari hii nilitaka nijue mimi kwanza, nijipange."

"Ujipange bila mimi?"

"Ndiyo. Nilikosea."

Mkewe akamsogezea chumvi aliyokuwa akiitafuta tangu waketi.

Siku ya kumi na nne walitoka hospitali asubuhi, damu ikiwa imeshachukuliwa, wakaambiwa majibu yatakuja kwa simu. Kila mmoja akaenda kazini kwake. Saa tisa kasoro, simu ya Fundi Baridi ikalia. Namba yake ndiyo iliyokuwa ya kwanza kwenye faili.

"Fundi, majibu yenu yametoka," muuguzi akasema.

"Usiseme!"

"Nini?"

"Usiseme, dada yangu, nakuomba. Usikate simu. Nakwenda kwa mke wangu."

"Baba, nina foleni ya watu hapa!"

"Nakimbia, dada! Nishaanza!"

Alikimbia kweli, mitaa minne, ameishika simu mbali na sikio kama kitu kitakachomuunguza, muuguzi akilalamika humo ndani kwa sauti ya nzi. Aliruka mfereji, akamgonga mtu wa mayai begani, akaomba radhi bila kugeuka. Alipoingia kwa dobi, wanawake wote wakaacha pasi zao. Mama Pasi alisimama kutoka kwenye rundo la mashuka. Aliiona simu, akaelewa.

"Amekwambia?"

Alitikisa kichwa. Pumzi ilikuwa imemwisha. Akaiweka simu katikati yao, paji la uso kwa paji la uso.

"Sasa sema," Mama Pasi akasema.

"Mpo wote wawili?" Muuguzi alikuwa ameacha kulalamika.

"Tupo."

"Imeshika. Mimba ipo. Ila msianze kushangilia mtaa mzima, kesho kutwa mrudi tupime tena, tuone kama namba inapanda."

Simu ikakatika. Mmoja wa wanawake akapiga kigelegele, mwingine akamziba mdomo. Mama Pasi alikaa chini juu ya mashuka safi ya watu, mumewe akakaa kando yake na mafuta yake yote, wala hakuna aliyewafukuza.

"Kesho kutwa," mkewe alisema.

"Kesho kutwa."

"Unaogopa?"

"Naogopa sana."

"Hata mimi," mkewe akasema. "Sogea, basi."