Mikono Miwili ya Kushoto

"Mama wee! Yote ya kushoto!"

Bibi alilinyanyua shati, akacheka mpaka akakaa chini. Lakini Chiriku, mshonaji mwenyewe, machozi yalimlengalenga. Lilikuwa shati la mdogo wake, anayeanza darasa la kwanza Jumatatu. Kitambaa kimekwisha, na mikono yote miwili, mirefu, inaingia bega moja tu!

Kukata alijifunzia kwenye simu. Wiki tatu shule ikiezekwa paa, mwalimu wa ushonaji aliwafundisha kwa skrini. Siku ya mikono, picha iliganda. Iliporudi, mwalimu ameshakata.

"Mmeelewa?"

Watoto arobaini wakabonyeza alama ya dole gumba. Chiriku naye akabonyeza, yule yule ambaye darasani huuliza maswali mpaka wenzake wanaguna! Wote wameelewa, aanze yeye kuuliza?

Shule ilipofunguliwa Alhamisi, alilibeba shati hadi kwa mwalimu.

"Si uliniambia umeelewa?" mwalimu aliuliza.

"Nilibonyeza tu, mwalimu. Picha iliganda."

Mara sauti ikatoka nyuma: "Hata kwangu iliganda!"

"Mimi nilikuwa nakula," mwingine akakiri. Wakaangua kicheko.

Mwalimu hakugomba. Alisimama nyuma ya Chiriku, akaweka mikono yake juu ya mikono ya mtoto. "Kitambaa kina uso na mgongo. Kunja hivi, uso utazame uso, ndipo ukate yote miwili pamoja. Eh, legeza kidole gumba! Mkasi haukimbii."

Jamani, yale macho ya mwalimu! Kumwona tu anavyoshika mkasi, akajua kosa liko wapi. Akapima, akapiga chaki, na kwenye ile mikono mirefu wakapata mikono mifupi miwili, wa kulia na wa kushoto. Wenzake walipanda madawati kutazama.

"Simu ilitufaa, siitukani," mwalimu alisema. "Ila ilinionyesha madole gumba arobaini, haikunionyesha uso hata mmoja uliopotea. Hapa nawaona. Na popote mtakaposomea, usipoelewa sema, hata ukiwa peke yako. Leo mmoja amesema kweli, darasa zima limejifunza."

Jioni mdogo mtu alilivaa shati, akagoma kulivua. Chiriku naye akamganda bibi: mkasi hivi, chaki vile, mwalimu akasema, mimi nikasema...

"Pumua, mjukuu wangu! Masikio yangu ni mawili tu."

"Lakini sijafika kwenye kola, bibi! Haya, lala. Kesho ukifumbua jicho tu, naanzia hapo hapo kwenye kola."