Matapishi ya Mwimbaji

Rafiki yangu mmoja, mpambaji wa waigizaji, alipata kibarua kwenye filamu ya kutisha ya bei chee, inayohusu bendi ya hevi metali iliyoita mashetani kwa magitaa. Waliirekodi ndani ya ghala lililozibwa madirisha kwa turubai. Nje jua kali, ndani giza totoro. Siku hiyo alitakiwa kupika matapishi bandia ya uji na rangi.

Mwimbaji akanguruma, ngoma zikatetemesha mabati, kisha akatapika. Uvundo ulimfanya rafiki yangu azibe pua. Mwongozaji akapiga makofi.

"Mpambaji, leo umetisha!"

"Mimi? Uji wangu bado uko jikoni, haujapoa."

Wakamcheka, wakatoka kwenda kula, mwimbaji akaenda kubadilisha nguo. Rafiki yangu akabaki kupiga deki peke yake. Kwenye ule utelezi, tambara likanasa msuko wa nywele, mrefu, wenye joto. Akakunja uso, akaushika kwa vidole viwili, akauvuta.

Nyuma ya ukuta, kwenye chumba cha kubadilishia nguo, sauti ya mwimbaji ikasikika, nyembamba, ya kubembeleza:

"Dada, taratibu basi. Unaniumiza."