Taa za Wauza Samaki wa Homa Bay

Kila asubuhi huko Masara, kabla mtu yeyote hajashuka shimoni kutafuta dhahabu, ilibidi wachimbaji wamngoje Monari agonge ukuta. Alishuka peke yake kwa kamba, nyundo ndogo mkononi, akagonga mwamba hapa na pale huku ametega sikio. Ukuta mzima hutoa sauti kavu. Ukuta uliolegea husikika kama ngoma iliyolowa. Akipanda na kusema, "Shukeni," watu walishuka. Akitikisa kichwa, walikaa juu wakipiga soga mpaka mbao za kuegemeza zipatikane.

Binti yake Nyanchoka, aliyekuwa darasa la saba, alimpelekea uji wakati huo kabla ya kwenda shule. Tangu mama yake afariki mwaka uliotangulia, kazi ya uji ilikuwa yake. Mama alikuwa ameugua malaria tu, malaria ambayo watu hupona. Lakini zahanati haikuwa na dawa, na wakubwa waliohusika walisema dawa ziko njiani. Mpaka leo ziko njiani.

Ulikuwa mwaka wa 1997, mwaka wa kura, na ahadi zilikuwa nyingi kuliko mahindi. Diwani mmoja aliahidi kituo cha polisi, akaahidi na mbao za mashimo, akapigiwa makofi, akaingia kwenye gari lake. Kilichobaki ni vumbi, na wezi waliovunja maduka mchana watu wakiona.

Wakati huo Gichana, kaka yake Nyanchoka, aliyekuwa darasa la nane, alianza kurudi nyumbani na udongo mwekundu masikioni. Alidai alikuwa akicheza mpira. Monari aliujua udongo wa uwanjani na udongo wa shimoni, akaona vile vijana wengine wa Masara walivyopotea: siku moja shimoni, siku mbili, kisha karatasi za vitabu vyao zinafungia sukari dukani.

"Nimezika mtu mmoja hapa," aliwaambia watoto wake. "Sitaki kuzika wa pili. Tutafute mji ambao mtoto anaweza kukua mpaka awe mtu mzima."

Alifikiria Awendo, kwa sababu kule kulikuwa na kazi ya kukata miwa. Lakini nafasi nzuri zaidi ilitoka Homa Bay. Bashir, mfanyabiashara aliyekuwa na duka pale Masara, alikuwa amehamishia familia yake huko baada ya duka lake kuvunjwa mara ya pili. Sasa alikuwa anajenga ghala la mahindi na saruji, naye alitaka mtu mwaminifu wa kulisimamia. Nyuma ya nyumba yake kulikuwa na vyumba viwili ambavyo Monari na watoto wangekaa. Aliya, binti wa Bashir, alikuwa amekaa dawati moja na Nyanchoka tangu darasa la kwanza, na hesabu zake nyingi zilitoka kwenye daftari la Nyanchoka.

Likizo ya Agosti, Bashir alikubali kumchukua Nyanchoka akautazame mji. Monari hangeweza kwenda mwenyewe. Kamati ya shimo haikutaka kuajiri mgongaji wa pili, na akiondoka yeye, nani angegonga ukuta?

"Usiniangalizie nyumba nzuri," alimwambia binti yake. "Niangalizie kitu kimoja. Wanawake wanaouza samaki barabarani wanafunga saa ngapi? Hao wanaujua mji kuliko chifu. Mwanamke akiogopa, anafunga jua likiwa bado lipo. Akikaa na taa yake mpaka giza liingie, na watoto wake wanacheza pembeni, basi hata sisi tunaweza kuishi hapo."

Aliya alimpokea kwa furaha, akamshika mkono, akamwonyesha kila kitu: stima inayowaka kwa kubonyeza ukutani, mfereji wa maji uani, viatu vyeupe vya kwendea shule mpya. Alimpa Nyanchoka viatu vyake vya zamani, vilivyokuwa vimeanza kumbana. Halafu akamwonyesha vyumba viwili vya nyuma.

"Mtakaa hapa," alisema. "Baba amesema babako atakuwa mtu wetu."

Aliya hakuwa na nia mbaya. Lakini maneno hayo, mtu wetu, yalimkaa Nyanchoka kooni kama mwiba wa samaki. Kule Masara walikuwa sawa, na kwenye hesabu yeye ndiye aliyekuwa juu. Hapa angeishi nyuma ya nyumba ya Aliya, avae viatu vya Aliya, na atazame taa za Aliya kupitia dirishani.

Lililomuuma zaidi lilikuja alasiri. Kultum, mama yake Aliya, aliketi kwenye mkeka barazani, akamweka binti yake kati ya magoti na kuanza kumchana na kumsuka. Alifanya polepole, akisimulia habari za majirani, mara kwa mara akimpiga kofi dogo la bega ili atulie. Nyanchoka alivitazama vidole vile. Kichwa chake mwenyewe kilinyolewa na baba yake kwa mkasi, na likizo ile nywele zilikuwa zimeanza kuota ovyo kama magugu.

"Njoo, binti, nikimaliza huyu nikutengeneze na wewe," Kultum alimwambia.

"Kichwa kinaniuma, Mama Aliya."

Hakikuwa kinauma. Kilichouma kilikuwa kifuani, na jina lake ni wivu.

Jioni hiyo yeye na Aliya walitumwa samaki. Barabarani wanawake walikuwa wamejipanga na karai zao za mafuta, koroboi zimewashwa, na watoto wakifukuzana kwenye mwanga. Nyanchoka alikumbuka swali la baba yake, akamwuliza mmoja wao, mama mnene aliyeitwa Leonida, wanafunga saa ngapi.

"Nyathina, mwanangu, tunafunga samaki akiisha," Leonida alijibu. "Nikirudi mapema mume wangu atafikiri nimefukuzwa sokoni."

Wenzake wakacheka. Giza lilikuwa limeshaingia, na hakuna hata mmoja aliyekuwa akitazama nyuma ya bega lake. Jibu lilikuwa wazi kabisa, nalo Nyanchoka hakulipenda.

Aliporudi Masara, baba yake alimwuliza kabla hata hajaketi.

"Wanafunga mapema, Baba," alisema. "Jua likiwa bado juu ya ziwa. Wanakimbia." Na kwa kuwa uongo mmoja ulionekana mwembamba, akaongeza habari za vijana wenye mapanga wanaovizia wasichana.

Monari alishusha pumzi. Hakuuliza tena, kwa sababu hakuwa amewahi kumkamata binti huyo na uongo. Gichana yeye alicheka.

"Kumbe hata kwa ziwa ni wezi tu? Si afadhali nichimbe hapa hapa."

Monari akamtumia Bashir salamu za shukrani, kwamba hatakwenda. Nyanchoka alilala akijiambia kwamba yameisha.

Oktoba mvua ilikuja, ile mvua ya mwaka ule ambayo haikujua kukatika. Kuta za mashimo zikanywa maji. Siku nyingi Monari alipanda akitikisa kichwa, na watu wa kamati, ambao wao wenyewe hawakushuka hata siku moja, wakasema amekuwa mvivu. Kwa vile Homa Bay aliambiwa hakufai, asubuhi moja aliondoka kwenda Awendo kutafuta chumba. Aliwaonya wachimbaji wasishuke mpaka arudi. Kamati haikungoja. Iliita vijana, na kati ya vijana hao alikuwemo Gichana, aliyetoroka shule.

Nyanchoka alikuwa anatoka shuleni alipoona umati. Ukuta ulikuwa umeanguka. Wanaume walichimba kwa mikono mpaka wakamtoa kaka yake akiwa hai, mguu mmoja umevunjika vibaya.

Monari alirudi jioni akakuta damu kwenye mbao. Mwanakamati mmoja alimwambia, akiwa ameinamisha macho, kwamba ni mapenzi ya Mungu.

"Mungu hakuwaambia msigonge," Monari alijibu.

Gichana alilazwa Migori, mguu wake ukatiwa plasta. Mtihani wa darasa la nane, ambao ulikuwa umekaribia, ungempita, naye angerudia mwaka mzima. Nyanchoka alikaa kando ya kitanda akimtazama baba yake aliyesinzia kwenye benchi bado na matope ya Awendo miguuni. Aliona kwamba akinyamaza, hakuna mtu atakayejua kamwe. Ndipo akaogopa.

"Baba, wale wanawake hawafungi mapema," alisema. "Wanakaa mpaka usiku uingie. Watoto wao wanacheza."

Monari alifumbua macho, akakaa wima. Kisha akauliza kwa nini.

"Niliona wivu. Aliya ana stima. Ana viatu. Ana mama."

Aliposikia neno la mwisho, Monari alitazama sakafu.

"Hata mimi naona wivu," alisema. "Bashir akifika mlangoni, mke wake anamwuliza amechelewa wapi. Mimi hakuna wa kuniuliza. Wivu hauji kwa ruhusa, mwanangu. Lakini ninaposhuka shimoni nauacha juu pamoja na viatu vyangu. Wako watu pale siwapendi, wako wenye bahati kunishinda. Nikisema ukuta ni mzima ilhali umelegea, au umelegea ilhali ni mzima, nimewadanganya watu ambao hawana sikio lingine ila langu. Nilikutuma ukagonge ukuta wa mji. Sisi wote tulikuwa kwenye kamba nyuma yako."

Nyanchoka alilia, naye baba yake hakumzuia.

Ghala la Bashir lilimalizika Desemba, na kwa bahati bado hakuwa amepata mtu Monari alipomtumia salamu tena. Walihamia Homa Bay shule zikiwa zimefungwa, Gichana akitembea kwa mkongojo na kulalamika kuhusu kila shimo la barabara ambalo serikali imesahau, kama baba yake. Jioni ya kwanza Monari aliketi kwenye mlango wa chumba cha nyuma. Angeweza kwenda kujionea mwenyewe, maana barabara ilikuwa karibu. Badala yake alimwita binti yake.

"Nenda ukagonge tena," alimwambia.

Nyanchoka alitoka, akasimama karibu na karai la Leonida mpaka nyota zikaonekana, kisha akarudi mbio.

"Bado hawajafunga, Baba. Wanacheka." Akasita kidogo, kwa sababu kulikuwa na jambo lingine la kweli. "Na Mama Aliya anamsuka Aliya barazani. Bado naona wivu."

"Najua," Monari alisema. "Wivu ukiusema hivyo mdomoni, hauwezi tena kukusemea. Sasa nenda barazani ukapange foleni."

Nyanchoka alikwenda. Kultum, bila kuinua macho kutoka kwenye nywele alizokuwa akisuka, alivuta kitana karibu, akasogea ili mkeka upate nafasi.