Hodi ya Kutoka Ohio

Mihogo ilikuwa adimu siku ile sokoni Mawaleh, huko Uarabuni, na Nadra alikuwa amechoka. Alichoka tangu asubuhi, au tuseme tangu mwaka juzi. Alipopata fungu la mwisho jua lilikuwa linazama. Mdogo wake, Muatasim, hakushuka garini kumsaidia kubeba.

"Tuondoke, dada. Maghrib inaingia."

"Maghrib inaingia kila siku, Muatasim."

Ilikuwa Julai ya 2004. Muatasim alikuwa amerudi ghafla kutoka Marekani, shahada yake ya takwimu hajaimaliza, amebaki ngozi na mifupa. Huko alikuwa katika mji mdogo wa Ohio, mji ambao zamani watu hawakufunga milango, na profesa wake alimpa kazi ya kufuatilia mauaji ya pale: yanapanda au yanashuka, na kwa nini. Yalikuwa yanapanda. Kila msimu wa baridi uliupita uliotangulia. Polisi walisema ni dawa za kulevya. Magazeti yalisema ni kufungwa kwa viwanda.

Njiani kuelekea nyumbani Mabela, Muatasim alimsimulia dada yake sababu aliyoijua yeye, kwa sauti ya chini, macho kwenye kioo cha nyuma.

"Hakuna mlango uliovunjwa, dada. Kuna bibi mmoja wa Kipolandi alikutwa bado anapumua. Akasema alisikia mtu anabisha kwa lugha ya kijijini kwao. Akamwitikia, akafungua. Alipomwona... akambamizia mlango usoni."

"Kisha?"

"Kisha akaingia. Humwaliki yule halafu ukamfungia."

"Na wewe umeyajuaje haya yote?"

Muatasim alikitazama tena kioo cha nyuma.

"Mimi nilikuwa napika. Theluji nje. Nikasikia hodi. Hodi, dada, Ohio! Miezi sijasikia Kiswahili. Nikaitikia karibu kabla sijafikiri. Nikaenda kuchungulia kwenye tundu la mlango... sikufungua. Nikatokea dirishani, nikakimbia; mpaka kiangazi nikawa nalala huku na huku. Anaidai karibu yangu mpaka leo."

Nadra hakumwamini, ila alimwonea huruma. Atampeleka kwa daktari, au kwa shekhe, yeyote atakayekuwa na nafasi.

"Niahidi kitu kimoja," Muatasim alisema. "Hodi isisikike kwetu jioni. Ikimfikia Mama akaitikia, tumempoteza."

Kuahidi ni rahisi. Lakini kumwambia mama yao, Bi Mahfoudha, asiitikie hodi ni kumwambia asipumue. Aliondoka Unguja mtu mzima, na adabu yake alikuja nayo. Majirani wa Mabela walibonyeza kengele. Wanawe aliwalea wapige hodi hata mlangoni kwao wenyewe, hata ufunguo wakiwa nao. Hakuna aliyewahi kuvuka kizingiti chake kimya.

Walifika adhana ikilia. Nadra alikuwa na mifuko mikono yote miwili. Akausukuma mlango kwa kiwiko, nao umefungwa. Kichwani hakuwa na kitu ila hamu ya kukaa chini.

"Hodi!"

Lilitoka lenyewe.

Nyuma yake Muatasim aliangusha mfuko. Mihogo ikabingirika.

"Karibu, wanangu, karibu!"

Baridi ilimgusa Nadra shingoni. Joto la Julai, jasho linamtiririka, na baridi. Kukaja harufu ya chuma kilicholowa...

Bi Mahfoudha alifungua mlango wazi. Macho yake yalikuwa na ukungu wa mtoto wa jicho. Nadra akapita. Muatasim akapita. Mama yao hakufunga.

"Na huyu mwenzenu? Mbona mnamwacha nje?"

"Hatuna mtu, Mama. Funga."

"Hamna mtu na nnamwona anatetemeka, maskini? Pita, baba, pita ndani."

Muatasim aliurukia mlango. Nadra akamdaka mkono. Wakati huo aliamini kila neno.

"Usimfungie," alinong'ona. "Umesikia Mama keshamkaribisha. Usimfungie."

Bi Mahfoudha akasogea pembeni, kama anavyosogea mtu kumpisha mgeni. Kwenye marumaru zikatokea nyayo za maji. Moja. Nyingine. Zikaelekea majlisi, sebule ya wageni.

Kisha bibi akaenda jikoni kuteleka chai.

Mgeni hakumdhuru mtu. Alikaa tu. Majlisi ilikuwa baridi bila kiyoyozi, na kila maghrib Bi Mahfoudha alimpelekea chai ya tangawizi, akakikuta kikombe asubuhi kikiwa kimejaa, chai imeganda juu. Siku moja Nadra alimnong'oneza, "Mama, mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe."

"Nyamaza! Kazi ya huyu unaijua, na Muatasim keshanambia. Bora akae bure."

Profesa alipiga simu kutoka Ohio. Mji umetulia, alisema kwa furaha. Tangu Julai hakuna aliyeuawa, mkuu wa polisi anapewa sifa, lakini takwimu hazioneshi sababu. Muatasim ana maoni gani? Muatasim aliweka simu chini, akalia mbele ya dada yake bila haya.

Bi Mahfoudha alifariki mwaka uliofuata, kitandani pake, kwa uzee. Ndivyo alivyosema daktari. Maneno yake ya mwisho kwa Nadra yalikuwa juu ya mgeni: "Usimchoshe kusubiri, mwanangu. Akiomba, mpe."

Matanga yakaisha. Wageni wakatawanyika, Muatasim akapitiwa na usingizi sakafuni chumbani kwa mama yao, na Nadra akakaa kitandani. Giza likaingia. Ndipo akakumbuka kwamba tangu msiba hakuna aliyepeleka chai.

Mlango wa majlisi ukafunguka.

Chap... chap... Nyayo zilizolowa zikaja ukumbini. Zikasimama nje ya chumba.

"Hodi."

Ilikuwa sauti ya mama yake.

Nadra alimtazama Muatasim. Akautazama mlango. Hakuwa na nguvu za kukimbia, na pa kukimbilia hakupajua. Ohio ilikuwa mbali na bado mgeni alikuja. Akasogea ukutani, akaacha nafasi pale alipokuwa akilala mama yake.

"Karibu," akasema.